Oili ya Siku za Kwanza

Mtu aliyejinyima miezi mingi ili injini ya gari lake ifunguliwe na kufungwa upya, akanunua laina na pistoni, ringi, metali, gasketi na sili, akalipa ijara ya fundi na ya wenye mashine za kukatia vyuma, hufika siku ya kutia oili akiwa na ukarimu usio wa kawaida yake. Na kwa kuwa aghalabu tunasadiki kwamba kilicho ghali ndicho bora, na kwamba kilicho bora hufaa kila mahali na kila wakati, huingia dukani akanyoosha kidole kwenye kopo lililo juu kabisa ya rafu. Mimi nilikuwa mtu huyo. Nilinunua makopo mawili ya oili ya sintetiki, lita nne nne, nikarudi nayo nyumbani kwa fahari ya mtu aliyetoa mahari, nikatia moja na jingine nikaliweka kabatini, chini ya ngazi.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya injini ya sentimita za ujazo 1971, la ukoo ule ule ulioshinda mbio za Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na ambalo watu wa umri wangu hapa Mombasa hawana haja ya kuelezwa lilivyokuwa likibeba abiria, magunia na mbuzi katika barabara za Afrika Mashariki pasipo kulalamika. Fundi alilifunga vizuri. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa langu, nami nililifanya kwa mapenzi. Mbali na kutia oili ile laini kupita zote, nilishika ada ya kuiwasha injini kila jioni uani, gari likiwa limesimama, nikaiacha ingurume polepole muda wa saa nzima huku mimi nimekaa na kikombe changu cha kahawa nikiisikiliza, nikidhani kwamba ndivyo injini mpya inavyozoezwa: kwa upole, bila mzigo, bila haraka. Baada ya miezi miwili lilikuwa likinywa lita moja ya oili kwa kila kilomita mia nne, na rafiki aliyenifuata nyuma hadi Likoni alinisihi siku nyingine nimtangulize yeye, maana moshi wa samawati ulimwingia puani safari nzima.

Fundi aliponifungulia kichwa cha injini aliniita niiname karibu. “Pitisha ukucha,” aliniambia, “juu hata chini.” Nikaupitisha ukucha wangu ndani ya silinda ya kwanza, nao ukateleza kama juu ya sahani ya kaure. Akachukua laina mpya, ambayo ingali na karatasi yake, akaniambia nifanye vivyo hivyo. Na hapo ukucha ulikwaruza, kwa sauti ndogo kama ya tupa inayoanza kazi. “Waona, bwana? Hata ile yako ilitoka hivi. Ringi hazikupata kuila, ila zimeipaka rangi ya oili iliyoungua. Umeidekeza hata ikaharibika, kama mtoto wa pekee.” Tukazitoa laina, zikapigwa jiwe upya, ringi zikanunuliwa nyingine, nami nikaanza kusoma na kuuliza mambo ambayo ilinipasa kuyauliza kabla.

Ili oili ichaguliwe kwa maarifa, hapana budi kwanza ifahamike kuwa ndani ya injini iliyofungwa upya kuna haja mbili zinazopingana, na kwamba oili ni moja tu ya kuzitimiza zote mbili. Haja ya kwanza ni ya ringi na ukuta wa silinda. Ukuta huo, ukitazamwa kwa jicho, ni kioo. Lakini kwa hakika jiwe la kunolea limeuachia mistari myembamba inayokingamana kama nyuzi za kimia, na kila mstari una vilele na mabonde yake. Mabonde hayo ndiyo maghala ya oili, ambayo yatadumu maisha yote ya injini. Lakini vile vilele sharti visagwe na ringi katika saa na kilomita za mwanzo, na ringi nazo zisagwe kidogo na vilele, mpaka viwili hivyo viwe vimelingana kabisa, hata hewa isipate upenyo wa kushukia wala oili isipate upenyo wa kupandia. Ulingano huu haupatikani ila kwa msuguano wa kiasi. Oili ambayo imetiwa dawa za kupunguza msuguano, ambayo ndiyo sifa inayoandikwa kwa herufi kubwa juu ya makopo ya ghali, huja ikaingia kati ya ringi na ukuta kama mpatanishi asiyeitwa, akazuia ugomvi ambao ulikuwa na faida.

Haja ya pili ni ya kemshafti na tapeti zake, nayo ni kinyume cha ile ya kwanza, kwa maana hapa hatutaki msuguano hata chembe. Katika injini za mtindo wa zamani, kama hiyo ya 504, nundu ya kemshafti husukuma tapeti bapa, chuma juu ya chuma bila gurudumu katikati, na eneo linalogusana ni dogo mno, jembamba kama uzi, ilhali nguvu ya springi ya valvu inayolilemea ni kubwa. Hivyo basi ule utando wa oili peke yake hauwezi kuvihifadhi vyuma hivyo. Kinachovihifadhi ni dawa ya zinki na fosforasi ambayo watengenezaji wa oili wameitumia tangu miaka ya 1940, ambayo kwa joto na mkandamizo huvunjika ikajifanyiza ngozi ngumu juu ya chuma, na ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya nundu. Kwa kemshafti kuukuu ngozi imekwisha kujengeka. Kwa mpya haijawahi kuwako, na dakika ishirini za kwanza ndizo zinazoamua kama itajengeka au kama nundu itasagika ikawa mviringo kama yai lililochemshwa, na fundi akakuita mwezi wa pili kukuonyesha.

Basi oili ya siku za kwanza ni ile isiyo na dawa ya utelezi, lakini yenye zinki na fosforasi kwa wingi.

Hapo ndipo taabu inapoanza, kwani oili nyepesi za magari mapya ya petroli zimepunguziwa fosforasi kwa makusudi, kwa kuwa fosforasi ikiungua na kutoka kwa ekzosi huidhuru ile mashine ya kusafishia moshi ambayo magari ya siku hizi yanayo na 504 yangu haina. Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambayo alama zake za API huonekana juu ya makopo mengi ya kuaminika, hutumia herufi S kwa oili za petroli na C kwa oili za dizeli, na herufi inayofuata huendelea mbele kwa kadiri miaka inavyokwenda: SL ilikuja mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Tangu SM, oili nyepesi kama 5W-30 haziruhusiwi kupita asilimia 0.08 ya fosforasi, yaani sehemu 800 kwa milioni, ilhali kemshafti mpya ya tapeti bapa huombewa zinki ya sehemu 1200 hadi 1400. Kwa hiyo mtu anayesema, “Nimetia oili ya herufi ya juu kabisa,” amesema kweli na amekosa. Herufi hiyo ni ya juu kwa injini isiyokuwa yake.

Wazee wetu wa pwani wasingeshangazwa na jambo hili. Fundi wa jahazi hakupata kuuliza ni mafuta gani yaliyo bora kuliko yote. Aliuliza ni ya mahali gani. Mbao zilizo juu ya maji alizipaka sifa, mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake humfikia mtu kabla ya chombo chenyewe kuonekana, na tumbo la chombo lililo ndani ya maji alilipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa ili kulikinga na fukusi wa baharini. Na angeyabadilisha, akapaka sifa chini na shahamu juu, kila mtu bandarini angemcheka.

Ukiuliza sasa ununue nini, jawabu la kwanza ni oili iliyotengenezwa mahususi kwa kuzoezea injini, ya madini na si sintetiki, SAE 30 au karibu na hiyo, ambayo kopo lake husema wazi kwamba haina dawa za utelezi na kwamba ina zinki ya kutosha. Ipo, lakini katika miji yetu huuzwa katika maduka machache, na pengine huagizwa. Ikikosekana, chagua oili ya madini ya 15W-40 yenye alama ya CI-4, ambayo madereva wa malori huinunua kwa madebe. Hiyo ni oili ya dizeli, na watu wengine huogopa kuitia katika injini ya petroli. Lakini zilizo nyingi huandikwa alama zote mbili, ya C na ya S, na fosforasi yake haikubanwa kama ya oili nyepesi za petroli. Ina sabuni nyingi ya kusafishia masizi, na wako mafundi wanaoilaumu kwa hiyo. Mimi naona lawama hiyo imekuzwa kuliko ukweli wake. 20W-50 ya madini nayo yafaa kwa joto la pwani, ila mtu wa Limuru au Molo, ambaye asubuhi huliona gari lake limefunikwa na umande wa baridi kali, ataikuta nzito katika dakika za kwanza, ambazo ndizo dakika za hatari.

Kuna na njia ya wenye pikipiki. Oili ya pikipiki ya mipigo minne yenye alama ya MA ya Kijapani haina budi kukosa dawa za utelezi, kwa sababu klachi ya bodaboda huogelea ndani ya oili hiyo hiyo na ingeteleza isishike. Na fosforasi yake hukaa baina ya asilimia 0.08 na 0.12. Sikushauri uifanye chaguo la kwanza. Nasema tu kwamba fundi mmoja wa Kisauni aliyeniambia habari hiyo hakuwa mjinga, ijapokuwa nilimcheka. Ile ya mipigo miwili, inayochanganywa na petroli, usiikaribie kamwe.

Chupa ndogo za dawa ya zinki za kuongezea katika oili ya kawaida zinasaidia, kwa sharti kipimo kifuatwe. Zinki ikizidi sana, badala ya kujenga ngozi juu ya chuma huanza kukila chuma, na aliyemwaga chupa mbili mahali pa moja amelipa fedha mara mbili kwa madhara.

Yupo atakayenijibu kwamba magari mengine hutoka kiwandani yakiwa na oili ya sintetiki, na ni kweli. Corvette ya Marekani imetoka hivyo tangu mwaka 1992. Lakini kuta za silinda za kiwandani hunolewa mara mbili, mara ya pili kwa jiwe laini linaloondoa vilele na kuacha mabonde, hata ringi zinapoingia hukuta kazi karibu imekwisha; na kemshafti zake ni za magurudumu. Mwenye injini ya namna hiyo, na hata mwenye Toyota ya kemshafti mbili juu, ana nafasi ya kuchagua kuliko sisi, ila laina zake zikiwa zimenolewa kwa mkono katika karakana ya mtaani na zikakwaruza ukucha, haja ya ringi inabaki ile ile.

Oili haianzi kazi siku ya kuwasha. Huanza siku ya kufunga. Nundu za kemshafti na nyuso za tapeti zipakwe ule ujiuji mweusi wa molibdeni unaouzwa katika vikopo vidogo, na metali zipakwe oili safi. Tahadhari na grisi ya magurudumu, ambayo mafundi wenye haraka huitumia kwa kuwa iko karibu na mkono: haiyeyuki vyema katika oili, nayo huenda ikaziba chujio au tundu la kupitishia oili, na metali ya krenki ikakauka ilhali oili imejaa tele katika sampu.

Kabla ya kuwasha, tia oili katika chujio jipya kabla hujalifunga, toa plagi zote, kisha zungusha injini kwa stata, sekunde kumi kumi na kupumzika, mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Maji yawe yamejaa katika rejeta, kabureta iwe na petroli, na majira ya cheche yawe yamewekwa sawa, ili injini iwake kwa mara ya kwanza. Injini inayozungushwa na stata robo saa bila kuwaka hupangusa ule ujiuji wote ukaisha, na nundu zikabaki uchi. Iwakapo, usiiache ishuke. Ipandishe mpaka mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, uishikilie humo, ukibadili badili kidogo, muda wa dakika ishirini. Kwa sababu katika injini nyingi za namna hii nundu hupata oili kwa kurushiwa na krenki inayozunguka, na krenki ikienda polepole haina cha kurusha. Magari mengi ya zamani hayana geji ya mizunguko, basi mwombe fundi ya kwake. Ukiona oili inavuja au maji yanachemka, zima, tengeneza, uwashe tena na kuendelea pale ulipoachia. Kelele za jirani zisikushughulishe.

Dakika ishirini zikitimia, mwaga oili ingali moto, na chujio nalo ulitoe. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali popote, kwa kuwa fundi alilikata lile chujio kwa msumeno wa chuma, akaikunjua karatasi yake juu ya gazeti juani, akaikamua, akapitisha sumaku. Unga wa kijivu unaong'aa kama magamba madogo ya dagaa si neno. Hizo ni taka za vilele na mabaki ya kufunga. Vipande vinavyorukia sumaku na ambavyo vidole vyaweza kuviokota ni nundu au tapeti. Vya rangi ya shaba ni metali, na vyeupe vyepesi visivyoitika sumaku huenda ni pistoni. Siku ile tulikuta magamba tu, na fundi akafunga gazeti bila neno, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa. Oili iliyomwagwa nilimpa seremala wa mtaani apake nguzo zake kwa ajili ya mchwa, ijapokuwa sasa naambiwa hata hilo huichafua ardhi na kwamba ni heri kuwapelekea wanaoikusanya.

Oili ya pili iwe kama ya kwanza, na sasa ni zamu ya ringi, ambazo nazo hazizoezwi uani. Ringi haisukumwi ukutani na springi yake tu, bali na moto wa petroli unaopita nyuma yake na kuibana. Pasipo mzigo moto huo ni dhaifu, ringi huelea, na oili huungua juu ya ukuta ikawa ule utelezi nilioupapasa kwa ukucha. Nilitoka alfajiri, kabla ya trela kujaa, nikaishika njia ya Mazeras na Mariakani, ambako barabara huiacha bahari na kuanza kupanda. Katika gia ya nne nilikanyaga mafuta kwa nguvu za wastani kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka 80, kisha nikaondoa mguu kabisa, gia ikiwa ndani, gari likarudi lenyewe mpaka 50. Na nikarudia mara kumi na zaidi. Wakati wa kupanda ringi hubanwa; wakati wa kuachia, mvuto wa hewa huinua oili kidogo ikaosha unga na kupoza ukuta. Makondakta walinitazama kama mtu aliyekosana na gari lake. Zamani magari yaliyokuwa katika hali hii yalibandikwa kijikaratasi nyuma kuwaomba watu wapite, nami nilijuta kutokuwa nacho.

Oili hiyo imwagwe baada ya kilomita 800 hivi, ya tatu iende mpaka 2500, na muda wote huo jiepushe na mwendo mmoja usiobadilika, na safari fupi za sokoni, na kufungua injini mpaka mwisho wake. Pima kijiti kila unapotia petroli. Katika kilomita za mwanzo kitashuka; kikiendelea kushuka vile vile baada ya 2500, rudi kwa fundi.

Na ununuapo, nunua kwa mtu mwenye duka na risiti. Ghashi katika oili ni nyingi: oili chakavu huchujwa, ikatiwa rangi, ikarudishwa katika kopo lenye jina kubwa. Tazama lakiri ya kifuniko kama haijaguswa, tazama namba ya toleo iliyochapwa juu ya kopo kama si ya kibandiko, tafuta alama ya KEBS kwa Kenya au TBS kwa Tanzania, na kopo tupu ulitoboe kabla ya kulitupa, lisije likarudi dukani bila wewe.

Zilipotimia kilomita 5000, nilimwuliza fundi juu ya lile kopo la pili lililokuwa kabatini chini ya ngazi, la 5W-40, ambalo nilikuwa nimekata tamaa nalo. Alipapasa ncha ya ekzosi kwa kidole, akakitazama kidole chake, kikavu na cha kijivu, akasema, “Sasa waweza.” Nikalitia lile lile. Kijiti kilisimama katika mstari wa juu, na nilipokipima tena niliporudi kutoka Voi, kilikuwa papo hapo.